Mahali pa Kumweka Mama

"Kitanda hiki kifupi," Mama alisema, akiwa amelala chali juu yake, viatu mkononi.

Meneja alimtazama mkewe. Mama mwenyewe alikuwa mfupi wa kupandia kigoda. Miguu yake ilikomea katikati ya godoro, na nafasi iliyobaki ingemtosha mbuzi na mwanawe. Lakini mtu mzima habishiwi. Wakamshukuru mwenye nyumba ile ya wageni, wakatoka tena kwenye ukungu kwenda kutafuta ya tatu. Ya kwanza Mama aliikataa kwa sababu wahudumu walikuwa wapole mno.

Meneja lilikuwa jina la utani. Mtaani walimbandika kwa sababu hakuwahi kusimamia hata sufuria ya chai. Alikuwa ameshavuka miaka arobaini, anaishi na mkewe nyumbani kwa mama yake, anakula kwa mama yake, na chumvi ikizidi analalamika. Sasa alikuwa na mpango. Angemleta Mama huku milimani, kwenye mji huu mdogo uliomezwa na msitu na mawingu, apumzike wiki mbili. Wiki mbili zingezaa mwezi, mwezi ungezaa mwaka. Huko nyuma chumba cha Mama kingekuwa chao, na sebule ingegeuzwa saluni ya mkewe. Kilichobaki ni kumpatia Mama pa kukaa, kisha wapande gari walilokodi, warudi zao kabla giza halijaingia.

"Alikubali upesi mno," mkewe alinong'ona wakiwa njiani. "Hakuuliza hata swali moja."

"Mama yangu namjua mimi. Huu ni mteremko tu."

Kumbe maswali Mama alikuwa ameyaweka akiba. Nyumba ya tatu ilikuwa chini kabisa ya msitu, paa limeota majani mabichi, na miti inadondosha maji utadhani mvua inanyesha. Mwenye nyumba, mwanamke wa miraba minne, mikono ya blauzi ameikunja hadi viwikoni, aliwapokea bila tabasamu. Mama akamkalia kitako.

"Mtu akiamka saa nne, chai bado anaikuta?"

"Aikute wapi? Hapa mwisho saa moja."

"Safi," Mama alisema.

Mkewe alimfinya Meneja. Tangu azaliwe Mama hajawahi kuamka saa nne. Jua likichomoza huwa ameshafagia uwanja na kuwasema majirani wawili.

"Televisheni ipo?"

"Ilikufa kwa unyevu."

"Safi kabisa."

"Uzee huo," Meneja alimnong'oneza mkewe. "Akili imeanza kumruka." Na moyoni alishukuru, maana mzee aliyechanganyikiwa hahesabu wiki.

Wakaonyeshwa chumba. Mama alikipima kitanda kwa shubiri, toka kichwani hadi miguuni, akaridhika. Kisha akataka kuona uani. Huko kulikuwa na chumba cha kukaushia, kamba zimepita ukuta hadi ukuta, mashuka yananing'inia, na katikati jiko kubwa la kuni linanguruma.

"Huku nguo haikauki nje," mwenye nyumba alieleza. "Ukianika shuka Jumatatu, Ijumaa unalikuta limeota kuvu. Lazima moto, mchana na usiku."

Mama alikaa humo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Alishika mashuka, akachungulia jikoni, akauliza kuni zinapasuliwa na nani.

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi, dada yangu." Mwenye nyumba alimgeukia Meneja, akamtazama, mrefu alivyo, toka utosini hadi kwenye viatu. "Huyu ndiye mwanao?"

"Ndiye."

"Mgongo hauna shida?"

"Mzima kabisa. Haujatumika."

Wanawake wawili wakacheka hadi wakashikana mabega. Meneja naye akacheka. Mtu mwenye haraka hucheka lolote. Mama akamvuta mwenye nyumba pembeni, wakaongea kidogo, wakapeana mikono.

"Hapa ndipo," Mama alitangaza. "Sitafuti tena."

Alhamdulillahi! Mkewe alikimbilia nje kumwita dereva. Yakashushwa masanduku mawili mazito ambayo Mama aliyafunga mwenyewe jana yake, asitake kusaidiwa na mtu. Meneja aliyabeba hadi ndani huku akihema, na hakununa hata kidogo. Mzigo mkubwa ni ukaaji mrefu.

Aliporudi barazani, Mama alimshika mkono, akaupigapiga taratibu.

"Umehangaika sana leo, mwanangu. Nimekuwa nikijiuliza nimekukosea wapi mpaka ukawa hivi. Mungu atanisamehe."

Hapo roho ilimuuma Meneja, wacha niseme kweli. Huyu ndiye aliyemzaa, akamlea peke yake, akamfulia shati mpaka akaoa, na hata baada ya kuoa. Machozi yalimlenga. Alitaka kusema Mama, twende zetu nyumbani, yaishe. Lakini mkewe alikuwa nyuma yake, anamkanyaga kisigino.

"Tutakuja kukuona kila mwisho wa mwezi," alisema, akijua anadanganya.

"Msijisumbue," Mama alisema.

"Basi ingia ndani, Mama, baridi hii kali."

Mama alimkumbatia mkwe wake, akamkumbatia na mwanawe, muda mrefu, kwa nguvu zote za mwili wake mdogo. Kisha akateremka ngazi za baraza, akapita kwenye ukungu, akafungua mlango wa mbele wa gari, akaketi, akajifunga mkanda.

"Mkwe wangu atafua, wewe utapasua kuni, na nguo zenu zote nimewapangia kwenye masanduku hayo," alisema kupitia dirishani. "Twende, dereva, mimi baridi hii siiwezi."