Kesi ya Kuchakulo Mchekeshaji

Katika bonde moja aliishi Kuchakulo, mchekeshaji asiyeweza kuuzuia ulimi wake. Siku ya sikukuu alipanda jukwaani akamtania Kiboko, mwenyekiti wa bonde, pamoja na Korongo, mhubiri. Kesho yake wote wawili wakamshitaki kwa Hakimu Kongoni, wakitaka afukuzwe bondeni.

"Rudia uliyoyasema," Kongoni akamwamuru.

Kuchakulo akasogea mbele. "Mheshimiwa, nilisema Mhubiri Korongo akiomba hufumba macho, isipokuwa samaki akipita."

Kiboko akaangua kicheko hadi benchi likavunjika. "Kweli kabisa! Ndiye huyo huyo!"

"Tena nilisema Mwenyekiti Kiboko humtafuta Mungu wakati wa kampeni tu. Akishaapishwa, hapokei hata simu Yake."

Korongo naye akacheka mpaka machozi yakamlenga.

Kongoni akawageukia washitaki. "Ikiwa nyinyi wenyewe mmecheka, nimfukuze kwa kosa gani?"

Wakainamisha vichwa, wakayaondoa mashitaka yao.

Nje, mke wa Kuchakulo alikuwa akingoja, virago vimeshafungwa. "Basi tunahamia wapi, mume wangu?"

"Nyumbani," akajibu Kuchakulo, akaanza kuvifungua virago.