Mwanafunzi wa Miaka Hamsini

"Moyo wangu umeshaamua. Naomba usinichukie."

Mfamasia alikuwa akiyasema maneno hayo bafuni, peke yake, mbele ya kioo. Mke wake aliyasikia kupitia mlangoni, akajikuta ameshika ukuta.

Mwezi mzima sasa mume alikuwa anafunga duka la dawa mapema, anakwenda chuoni. Eti anasomea mamlaka ya majaji wa Marekani, pamoja na wanafalsafa wao wa zamani waliofundisha kwamba mtu asikilize dhamiri yake kabla ya serikali.

"Hayo yatatibu kikohozi cha nani?" mkewe aliwahi kumuuliza.

Alicheka tu. Kisha akasema, "Hivi wewe, ukishaamua jambo, huwezi kurudi nyuma?"

"Kama ni mambo ya kazini, hatuyaleti mezani. Tulikubaliana."

Mdogo wa mke ndiye aliyemtia wasiwasi zaidi kwenye simu. "Dada, mwanamume wa miaka hamsini hawi mwanafunzi hivi hivi. Kamwone huyo mwalimu."

Jioni ile alimfuata mumewe. Alisimama kwenye korido ya chuo, akachungulia dirishani. Mwalimu alikuwa mzee mwenye kipara, suruali imemzidi kiuno. Nusura acheke.

"Jaji kule anaweza kuifuta sheria ya bunge zima," mzee alikuwa akisema. "Lakini akikosea yeye? Wanafalsafa wetu wangekuambia ufanye nini?"

"Nikatae," mumewe alijibu. "Halafu nikubali kufungwa."

"Hata kama nyumba yako itavunjika?"

Mumewe aliizungusha pete yake ya ndoa kidoleni. Mwanamke wa kitambaa chekundu, aliyekaa kando yake, alifuta machozi, akamshika bega.

Hapo kicheko kilimkauka mke wa mfamasia. Darasa lilipotoka alijibanza nyuma ya mlango, akamsikia yule mwanamke akinong'ona:

"Kesho alfajiri, basi. Usibadili mawazo."

"Sibadili."

"Mkeo umemwambia?"

"Nitaanzaje?"

Alfajiri mke alijifanya amelala. Mume alimfunika shuka vizuri, akasimama kidogo kando ya kitanda, akaondoka. Mezani aliacha simu, saa na pete ya ndoa.

Pete! Alilia mpaka kope zikavimba. Baadaye alinawa uso, akapaka poda, akaenda kazini. Miguu ilikuwa inatembezwa na hasira tu.

Alikuwa hajakaa vizuri karani alipomjia. "Kuna watu wamelala mbele ya matingatinga kule bondeni, wamezuia nyumba zisibomolewe. Polisi wamewaleta."

"Waingizwe."

Mwanamke wa kitambaa chekundu alitangulia. Nyuma yake, nguo zimejaa vumbi, mikono imetiwa pingu, aliingia mfamasia. Alimtazama mkewe pale juu alipokaa, chini ya nembo ya taifa, kisha akainamisha kichwa.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "amri yako ya kubomoa tumeikataa."