Tabasamu la Mama Mkubwa

Siku hizi kila kamera hurekebisha picha kabla ya kuihifadhi, na hakuna kitufe cha kuizuia.

Nilipanda hadi Lushoto kumpiga picha mama mkubwa Nakijwa, ambaye kiharusi kimempinda mdomo. Nilingoja mwanga laini wa asubuhi, nikasogea karibu, nikatuliza mkono. Kamera ikaunyoosha mdomo, ikampa tabasamu. Niliitukana, nikapiga tena mara thelathini. Zote thelathini anatabasamu.

Nyumbani mama alizitazama, kisha akaanza kutoa nguo kwenye begi lake la safari.

“Dada yangu mzima huyu. Nitakwenda baada ya mavuno.”

“Mama, hata uji hawezi kumeza.”

“Wewe na mashairi yako, Mbelwa, kila kitu unakikuza,” alisema, akazirudisha nguo kabatini.