Kuonja Fani

Chuo kilimruhusu mwanafunzi kuonja fani yoyote kwa muhula mmoja. Akiiacha, kilimfutia kichwani kila alichojua kuihusu, hata alichofunzwa nyumbani, asije akaondoka na ujuzi wa bure. Msifuni alipoacha mapishi, alirudi kwao akaikodolea macho sufuria ya makande, asijue pa kuanzia. Alipoacha kilimo, aliikanyaga tangawizi ya mama yake kama majani ya njiani. Mama alimeza uchungu, akamfundisha upya.

Safari hii aliacha uuguzi.

Alimkuta mama kitandani, anatetemeka kwa homa, midomo imemkauka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeshachagua?”

“Bado, mama.”

Mama alifumba macho. “Niuguze basi, mwanangu, kama ulivyoniuguza mwaka jana.”

Msifuni alisimama mlangoni, mikono inaning’inia. Huruma alikuwa nayo tele. Ila mgonjwa hufanywaje, hakujua.

“Nipe hata maji,” mama alinong’ona.

Akaleta kikombe kimejaa, akakiweka mezani, mbali na mkono wa mama, kisha akaketi kwa adabu kumsubiri ainuke anywe.