Jino la Muuza Mitumba

Mwalimu wa madaktari aliinua picha ya jino kwenye mwanga, akaiweka mezani, kisha akaichukua tena. Hapo muuza mitumba akajua bidhaa yake imepata mteja.

Shavu lake lilikuwa limevimba hadi jicho likafinyika. Hospitali mbili zilimuuliza kadi ya bima, na aliposema hana, zikamtajia bei ya kumfukuza. Hapa kwenye chuo cha madaktari wa meno wanafunzi walitibu kwa nusu bei, mwalimu akiwasimamia.

"Mzizi umejikunja kama ndoana," mwalimu aliwaambia. "Tangu muanze masomo hamjaona jino kama hili."

Wanafunzi wakasogea, shingo wamezinyoosha, macho kwenye picha.

Macho hayo muuza mitumba aliyafahamu vizuri. Ni ya mteja aliyelirudisha koti kwenye fungu huku mkono haujaliachia. Akafumba mdomo.

"Mama, fungua kidogo."

"Nusu bei ni ya meno ya kawaida, mwalimu," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Hili mtalifundishia. Mling'oe bure."

Mwalimu akacheka. "Haya mama, bure."

Amekubali upesi mno, aliwaza. Kumbe kuna nafasi ya kuongeza.

"Na mume wangu. Yuko nje, anajifanya amenisindikiza tu, na usiku kucha anauma mto kwa maumivu."

Mwalimu aliitupia picha jicho jingine, akashusha pumzi. "Mwiteni."

"Kwanza fungeni geti," alisema muuza mitumba, "yule ana mbio."

Kisha akaachama kinywa chote.