Tangazo la Ndoa

"Hongera! Nasikia Nashoni wako katangazwa ndoa kanisani," rafiki yangu alinipigia kutoka Mafinga. Kumbe baba wa mwanangu kaamua kunioa bila kuniambia!

Jioni ile, mtoto mgongoni, nikafungua video ya ibada kwenye kompyuta kuukuu ya darasa letu la kompyuta, Mwanjelwa. Mchungaji akasoma, "Nashoni anatarajia kufunga ndoa na..." Kiduara kikazunguka. Mdomo wake ukaganda wazi, hadi pengo la jino nikaliona.

"Punguza ubora wa picha, mama," mwalimu akasema. "Funga na kurasa nyingine."

Nikafunga. Video ikaendelea: "...Leokadia."

Mimi siitwi hivyo. Labda imeruka mahali. Nikairudisha nyuma. Nikairudisha tena.

"Umeona?" mwalimu akatabasamu. "Sasa haikwami kabisa."