Risasi ya Karibu

Kisamo aliirudisha risasi ndefu ya magnamu kwenye kaunta, kisha akaichukua tena, kwa mara ya tatu.

"Hiyo inafika mita mia nane," alisema Bi Ndeshi, mwenye duka la silaha. "Nyati yuko wapi?"

"Kichakani, mama. Nilimjeruhi jana kwa risasi kama hii. Nilikuwa mbali mno."

Bi Ndeshi alimtwalia ile risasi ndefu na kuirudisha rafuni. Desturi ya wawindaji wa pale ilijulikana: aliyejeruhi nyati humfuata kichakani peke yake, kwa miguu.

"Bunduki nzito ya baba yako bado unayo?"

"Ninayo."

Bi Ndeshi akamsogezea risasi mbili nene, za kupigia karibu.

Kisamo alirudisha moja. "Ya pili sitapata nafasi ya kuipiga."

Aliitia nyingine mfukoni mwa shati, na njiani kote ikawa inamgonga kifuani.